Nyundo ya Mzee Shariff

Mzee Shariff aligonga gurudumu mara ya tatu, akainama, akagonga tena. Halikuimba. Behewa lilikuwa la daraja la tatu, limejaa watu na vikapu, na dirishani alikaa binti yake Kuluthum, aliyekuwa akienda Nairobi kusomea unesi.

Kazi ya Shariff ilikuwa hiyo: kupita kando ya kila treni iliyosimama stesheni ya Nakuru, kugonga magurudumu kwa nyundo ya mpini mrefu, na kusikiliza. Gurudumu zima huimba. Lenye ufa, hata ufa mwembamba usioonekana kwa macho, hulia kama chungu kilichopasuka. Alifundishwa na Kalasinga mmoja kule Makindu, mtu mkali asiyejua kusifu, aliyemfunga kitambaa machoni mwezi mzima ili ajifunze kuyaamini masikio peke yake. Tangu siku hizo ilikuwa imepita miaka ishirini na sita, na hakuna treni aliyoikagua yeye ikaanguka. Alijivunia jambo hilo kupita kiasi, na tumwachie, maana hakuwa na kingine cha kujivunia.

Lakini wiki hii mambo yalimwendea kombo. Jumatatu alikataa behewa moja la mizigo, Jumatano akakataa jingine. Yote mawili yalipelekwa karakana, yakapimwa, na ufa haukuonekana. Msimamizi wake, mzungu aliyezoea kusema kwa kufoka, alimwambia wazi kwamba akizuia treni bure mara nyingine, atarudisha nyundo na kuhama nyumba ya reli. Tena siku zile za Hali ya Hatari, aliyechelewesha treni bila sababu angeweza kuulizwa maswali mabaya zaidi ya hayo.

Mwaka ulikuwa 1954, na mji mzima ulishikwa na hofu. Malori yalipita yamebeba watu, askari walikagua pasi kila kona, na mwenye la kusema alilisema kwa kunong'ona. Mathenge, mtia mafuta aliyefanya kazi naye, zamani alikuwa mtu wa kelele na vicheko. Sasa alichezesha midomo tu. Shariff hakumlaumu. Mkikuyu angepaza sauti vipi mwaka ule? Sokoni wauzaji walinong'ona bei. Nyumbani, mkewe Khamisa hakumwita tena chakula kilipoiva, alikuja kumgusa bega. Hata muadhini, Shariff alilalamika moyoni, siku hizi aliadhini kwa woga. Ilimuuma kuona watu wamefikishwa hapo.

Sasa alisimama chini ya dirisha la Kuluthum, nyundo mkononi. Ndani ya behewa askari wawili walikuwa wakipekua vikapu. Binti alimwinamia akasema neno, na hata yeye alinong'ona.

"Unasemaje, mwanangu?"

Kuluthum alitoa kichwa nje kabisa, mdomo ukamkaribia babake sikioni. "Nimeuliza, kuna nini hapo chini, baba?"

Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na pande mbili. Akinyamaza, kazi anayo na nyumba anayo, lakini treni itateremka kutoka Gilgil kwenda Naivasha na gurudumu bovu, mtoto wake akiwa juu yake. Akisema, na ufa usionekane, basi amekwisha, na Khamisa atalala nje pamoja naye. Aliligonga kwa mara ya mwisho huku akimwomba Mungu lilie vizuri. Likatoa mlio mfu. Akainua bendera nyekundu.

Abiria waliteremshwa wakinung'unika, Kuluthum pamoja nao, sanduku lake kichwani. Mathenge alikuja mbio, akainama, akaligonga gurudumu lile yeye mwenyewe kwa spana, kisha akamvuta Shariff mkono wa shati na kuchezesha midomo. Shariff alimwondoa taratibu, akamwambia asijitie matatani kwa ajili yake.

Msimamizi alifika uso umemwiva. Alifoka mpaka mate yakamtoka, akataka kujua kama mzee anajua hasara ya kuchelewesha treni ya abiria.

"Hili haliendi, bwana," Shariff alisema. "Nifukuze leo hii, lakini haliendi."

Cha ajabu, mzungu yule hakumfukuza. Alimtazama kitambo, akamtazama Mathenge, halafu akawaamuru wote wawili wamfuate karakana. Huko ndani, gurudumu moja lilikuwa limening'inizwa kwa minyororo. Lilikuwa limeshuka kutoka Ulaya jana yake, bado limepakwa grisi ya kiwandani, halijawahi kugusa reli.

"Gonga hii," msimamizi alifoka. "Hii mpya kabisa. Sikia vile gurudumu mzuri nalia, halafu ambia mimi."

Shariff alifumba macho kama alivyofundishwa Makindu, akagonga. Alisikiliza mpaka mwisho. Mlio ulikuwa mfu, ule ule.

Moyo wake ukarukaruka. Kumbe hata Ulaya kwenyewe walikuwa wakileta vitu vibovu, na hawa mafundi wa karakana walikuwa wakivipitisha bila kujua! Hakukosea Jumatatu, hakukosea Jumatano, na leo amewaokoa watu wote wa behewa lile. Hakuna ambaye angemtoa katika nyumba yake. Alishika nyundo kwa mikono miwili, akalitwanga gurudumu kwa nguvu zake zote ili nao walisikie, akageuka kuwatazama.

Msimamizi na Mathenge walikuwa wamekunja nyuso, wameziba masikio.