Mtoto wa Sonara

"Vua hapo hapo," mkewe alimwambia, akiwa ameuziba mlango kwa mwili wake.

Sonara alivua shati barazani, akavua na viatu, akabaki na fulana kama mtu aliyeporwa. Mkewe alilishika shati kwa ncha za vidole na kulitumbukiza kwenye ndoo ya sabuni.

"Nimeshaoga kule kule karakana," alisema sonara.

"Sijakuuliza."

Ndani, binti yao Kibibi alikuwa analia. Mtoto alikuwa ameanza kukaa bila kuegemea. Sasa akikalishwa anaanguka upande. Viganja vilimwiva vyekundu, jasho lilimtoka hata kwenye baridi, vidole vilitetemeka. Daktari alimpima damu na mkojo, kisha akauliza: nyumbani kwenu nani anagusa zebaki?

Mama hakumwacha amalize. "Baba yake ni sonara."

Sonara aliapa kwamba zebaki ya kusafishia dhahabu waliiacha siku nyingi, tangu mwenzake wa karakana aanze kutetemeka mikono. Mkewe alimsikiliza kama anavyosikilizwa mlevi anayesema hajaonja kitu. Kama hana cha kuficha, mbona anaoga mara mbili? Mbona anabadilisha nguo kazini? Akamkagua kucha. Akamhamishia sebuleni, kwenye kochi lisilomtosha miguu. Sahani yake ikatengwa. Kumbeba mtoto akapigwa marufuku.

Mama hakumwamini mtu mwingine yeyote. Kibibi alilala naye, shavu kwa shavu. Akilia, mama alimpapasa uso kwa viganja vyake mpaka usingizi umchukue.

Wifi yake alikuja kumjulia hali mtoto. Alimtazama Kibibi, akamtazama na mama yake.

"Wifi, mtoto anakonda, wewe ndiyo kwanza unang'aa. Uso mweupe, laini kama wa mwari. Unafanyaje?"

"Uzazi huo," alijibu, akageuza mazungumzo. "Hebu zungumza na kaka yako. Mwambie aache ile kazi. Anamuua mtoto."

Keshoye sonara alimwachia mwenzake funguo za karakana, akarudi nyumbani mikono mitupu. Akawa anashinda kwenye kochi, anamsikiliza mwanawe akilia upande wa pili wa ukuta.

Mtoto akazidi kuumwa.

Basi ameificha humu humu ndani, mkewe aliwaza. Alipekua makabati, akachana mto wa kochi, akapapasa mifuko ya koti la harusi. Hakuona kitu. Ndipo alipomwita bwana afya, amkamate mumewe mbele ya macho yake.

Bwana afya alikuja na kifaa chenye bomba jembamba, cha kunusa mvuke wa zebaki hewani. "Namba zikipanda, tumeipata," alisema.

"Anza na yeye."

Alipitisha bomba kwenye mashati, viatu na kochi. Sonara akanyoosha mikono yake, nayo ikapimwa kidole kwa kidole.

"Hamna kitu."

"Rudia," alisema mke.

Akarudia. Hamna kitu.

Walipoingia chumbani, namba zikaanza kupanda. Zilipanda karibu na kitanda, zikapanda zaidi juu ya foronya. Mama alimgeukia mumewe, aliyesimama kizingitini asithubutu kuingia.

"Si nilisema? Huyu anaingia humu nikiwa sipo."

Kelele zikamwamsha Kibibi. Mama akamnyanyua, akamkumbatia na kumbana shavuni pake. Bwana afya akasogeza bomba karibu nao, taratibu, na kifaa kikaanza kupiga kelele.

Akakizima.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "unajipaka nini usoni?"

Mama alitupia jicho kopo la krimu ya kung'arisha uso, kando ya kitanda.

"Mpe baba yake mtoto."