Dakika Mbili za Kimya

"Mama Phulmati, koja hilo si mboga za kuuza! Ivishe picha, kamera zinangoja."

Phulmati hakusogea. Picha ilikuwa ya mwanawe Lallan, na kwao picha ya mtu haivishwi koja la maua mpaka mwenyewe awe amekufa. Kiwanda cha biskuti kiliporomoka juzi Lallan akiwa zamu, na hakuna aliyeuona mwili wake.

"Hamjamfukua, bwana," alisema. "Mnamzikaje kwa picha?"

Tribhuvan, mpambe wa Waziri, alijifuta jasho. Uchaguzi ulikuwa mwezi ujao. Alfajiri ile alikuwa amesimamisha matingatinga ili jukwaa lijengwe juu ya kifusi chenyewe, maana Waziri alitaka aonekane "amesimama na wahanga." Picha za marehemu zilikuwa ndogo kama za kitambulisho. Ya Waziri, chozi limenakshiwa vizuri shavuni, ilifunika ukuta mzima wa jirani. Na spika zilivyopiga nyimbo za majonzi tangu kuche, hata kunguru walihama.

"Sikia, mama yangu," Tribhuvan alinong'ona kwa sauti ya asali. "Matingatinga hayarudi mpaka shughuli iishe. Na shughuli haiishi bila koja. Sasa nani anamchelewesha mtoto wako, mimi au wewe?"

Hapo alimpata. Phulmati aliivisha picha lile koja, akajiona amemuua mwanawe mwenyewe.

"Safi kabisa! Ila rudia, mama. Hawa wapiga picha wa kutoka Patna hawakuwa tayari. Na ulie ukitazama huku."

Akarudia. Kulia hakuhitaji kufundishwa.

Waziri akapanda. Alivua miwani, akapangusa jicho kavu, akazungumzia mashujaa wetu, kisha barabara mpya, kisha mashujaa tena alipokonyezwa. Umati ulipiga makofi, ukakumbuka ni msiba, ukaacha. Mwishowe akainua mkono, akaomba dakika mbili za kimya. Spika zikazimwa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Watu wakainamisha vichwa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Waziri alifumbua jicho moja.

"Nani huyo anayegonga?" alifoka. "Hebu waheshimuni marehemu!"

Kifusi kikajibu, chini ya viatu vyake: ngo, ngo, ngo.