Aliyekimbia Jua

Wenzake kwenye foleni ya chakula cha msaada, pale mtaani Kinama, walimwonya Goreth: "Sema umekimbia vita. Waliokimbia ukame hawaandikwi."

Alipofika mezani, karani akauliza bila kuinua macho, "We mama, ulikimbia vita?"

Goreth alitazama viganja vyake, vilivyopasuka kwa kulima ardhi ya kwao Kirundo iliyokauka kama tofali. Miaka miwili aliilima, isimpe hata punje ya maharage. Uongo ulimfika mdomoni, ukakwama.

"Apana," akasema. "Mi nilikimbia jua."

Kalamu ya karani ilisimama. Watu wa nyuma wakaguna. Mzungu aliyesimamia msaada akataka kujua mama amesema nini, na karani akamtafsiria.

Mzungu alivitazama vile viganja. Kisha akasema jambo kwa Kifaransa, taratibu, na karani akamgeukia Goreth.

"Anasema viwanda vya kwao vimelizidishia hilo jua ukali. Ameniambia nikuandike. Uko na watoto wangapi?"

"Wane," Goreth akajibu, akaketi papo hapo vumbini, akicheka na kulia.