Swali la Watu Kumi na Mmoja

Mwalimu Rabab aliwafungulia wanafunzi wake, watu wazima wa mji mmoja, ukurasa mmoja wa pamoja kwenye simu. Akawauliza humo: "Wiki hii ni kipi hamkukielewa?"

Wote kumi na mmoja walijibu kwamba wameelewa kila kitu, Mungu ambariki mwalimu. Kisha kila mmoja akamwandikia faraghani, na wote waliuliza swali lilelile moja.

Darasani Rabab akamwinamia Umm Ghazi, mjane aliyeketi mbele. "Mbona hukuuliza ukurasani?"

"Shemeji yangu asome?" Umm Ghazi alinong'ona, akimtupia jicho Abu Nawfal. "Atasema mjane wa ndugu yake akae nyumbani, kichwa kimeshachakaa."

Swali la Abu Nawfal ndilo lililotangulia kumfikia Rabab, lakini hakuwa na ruhusa ya kulitangaza. "Jaribu tu," alisema.

Umm Ghazi aliandika, akafuta, akaandika tena. Akalituma swali lake ukurasani, kisha akaifunika simu kwa kiganja.

Simu za darasa zima zikalia. Hakuna aliyeinua uso.

Alipoondoa kiganja, chini ya swali lake maneno matatu yalikuwa yakiwaka na kuzima: Abu Nawfal anaandika.