Daraja la Tano

Mkaguzi wa mabadiliko alipobisha hodi, Stamili alikuwa ameshayasukuma makubazi ya marehemu mumewe chini ya kochi. Siku hizi kila nyumba hupimwa kama zilivyokuwa zikipimwa ofisi: imekomaa kiasi gani katika kupokea mabadiliko, kuanzia daraja la kwanza hadi la tano. Nyumba ya daraja la kwanza hunyang'anywa watoto. Ndiyo maana tangu wiki ya msiba Stamili alikuwa akimfunza bintiye wa miaka sita, Mwanahamisi, asilie. Akitajiwa baba, atabasamu.

"Baba yuko wapi, mwanangu?" mkaguzi akamuuliza mtoto.

"Ameondoka. Tumeshazoea," Mwanahamisi akajibu, akatabasamu meno yote nje.

Mkaguzi akaandika, kisha akampa Stamili mkono. "Hongera sana, dada. Daraja la tano, na hata arobaini haijafika! Nyumba kama hizi ndizo tunazozitanguliza. Jumatatu mtaletewa baba mpya."

Stamili akaung'ang'ania ule mkono. "Hapana, dada yangu, bado hatujawa tayari. Huyu mtoto ana majonzi."

"Majonzi gani? Mbona halii?"

Stamili akapiga magoti, akayavuta yale makubazi, akamwekea binti yake mapajani. "Lia, mama. Mlilie baba yako, nimekuruhusu. Lia, nakuomba."

Mwanahamisi akayatazama makubazi, akamtazama mkaguzi. Kisha akatabasamu, meno yote nje, kama alivyofunzwa.