Siku ya Kuhamisha Wateja

"Naomba kuuliza," alisema mteja kwenye simu, kwa upole uliomtisha karani. "Huyo Mbwa Mkali ni nani? Ni mimi, ni mke wangu, au ni mbwa mwenyewe?"

Karani alisema mtandao unasumbua, akakata. Kabla hajakaa, simu ikalia tena. Safari hii alikuwa mwalimu mstaafu. Ameandikiwa Mpendwa Maneno Mengi, na kweli alikuwa na maneno mengi kuhusu jambo hilo.

Hapo ndipo karani alipoelewa.

Ofisi yao ilikuwa ndogo: yeye, fundi na bosi, wakiuza na kutengeneza matangi na pampu za maji. Hakuna mteja aliyehifadhiwa kwa jina lake. Bosi ndiye aliyeanzisha mtindo huo, na hakuna mtu ambaye hakumfanyia. Jina la mtu, alikuwa akisema, halikwambii umfanyie nini. Kwa hiyo watu walihifadhiwa kwa maelekezo: Mbwa Mkali Piga Honi, Ongea na Mkewe, Usimtajie Bei Mapema. Sasa mfumo mpya wa wateja, ambao karani alikuwa akiuhamishia taarifa wiki nzima, nao ulikuwa na adabu zake. Ukimwingiza mtu tu, unamtumia ujumbe wa kumkaribisha kwa jina. Ulimuuliza karani kwanza kama uwakaribishe wateja, naye kwa haraka zake akabofya ndiyo.

Kibaya zaidi, asubuhi hiyo alikuwa ameingiza namba zote za kwenye simu ya bosi. Bosi aliahidi kumtengea za wateja peke yake, siku zikapita hajatenga, na karani akachoka kusubiri akabeba zote. Sasa hata shemeji yake bosi alikuwa amepiga, anataka kujua kwa nini anaitwa Mwambie Nimesafiri.

Ingekuwa siku nyingine angecheka mpaka aumwe mbavu. Lakini yeye alikuwa bado mfanyakazi wa muda. Mkataba wa kudumu ulikuwa kwenye droo ya bosi, umeshachapwa, haujasainiwa. Kila alipougusia, jibu lilikuwa lile lile: tuhamishe kwanza. Na kwa kiherehere chake alishamwambia mama yake kwamba kazi amepata, na mama naye si mtu wa kukaa na habari njema. Mtaa mzima ulishampongeza.

Alizima zile salamu za mfumo, lakini zilizotoka zilikuwa zimetoka. Simu yake ya mkononi, ambayo nusu ya wateja walikuwa na namba yake, ilikuwa haitulii mezani. Akaizima bila hata kuiangalia, akaitupa kwenye mkoba. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi kurekebisha majina mawili matatu, akasimama tena.

Fundi aliingia akifuta machozi ya kicheko. Huko alikotoka kufunga pampu walikuwa wamemwonyesha ujumbe. Alimwambia karani asife kwa presha, watu watacheka wiki moja na kusahau. Kisha akaacha kucheka, akauliza kama mama wa hoteli naye ameupata.

Mama wa hoteli ndiye aliyekuwa mteja wao mkubwa kuliko wote. Kwao alikuwa Mpandishie Bei.

Karani alimtafuta huku vidole vinakosea herufi. Bado hakuwa ameingizwa; hakuwa kwenye simu ya bosi bali kwenye daftari la ofisi, ambalo halijaisha kuhamishwa. Akamwandika kwa jina lake halisi, akahema, na hapo hapo mlango ukafunguliwa. Bosi alikuwa amefika, na kwa uso wake ilionekana shemeji alishampata.

Karani alisimama, akaanza kuomba radhi. Bosi, mtu wa kugomba asubuhi nzima kwa kalamu iliyopotea, alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Simu yako iko wapi, mwanangu?"

"Nimeizima. Wanapiga mno."

"Umefanya vizuri. Iache hivyo hivyo, usijitie presha. Wewe malizia waliobaki."

Mwanangu! Siku zote alikuwa "wewe" tu. Tena hayakuishia hapo. Alimtuma fundi amletee chai ya moto, akasema mbele yake kwamba makosa ni ya wote, na kwamba kesho asubuhi mkataba unasainiwa. Karani aliona aibu kwa yote aliyowahi kumsema mtu huyu akiwa nyumbani. Alifanya kazi mchana kutwa bila kuinua kichwa. Bosi hakubanduka. Simu za wateja alizipokea mwenyewe, akiomba radhi kwa sauti laini, na kila baada ya muda anachungulia wamebaki wangapi.

Mteja wa mwisho alipoingia, bosi aliomba neno la siri la mfumo. Akalijaribu kwenye kompyuta yake, likafungua. Akalibadilisha hapo hapo, kwa usalama, alisema. Akampa karani mkono, akamshukuru sana, akaondoka.

Karani alijinyoosha mpaka mifupa ikalia. Furaha ilimjaa hata akamkumbatia fundi, ambaye alibaki amekauka kama nguzo. Alitaka mama awe wa kwanza kusikia habari za mkataba. Akachukua mkoba, akatoka, na akiwa ngazini akawasha simu yake. Ujumbe uliokuwa ukimsubiri tangu asubuhi ukaingia, nao ulitoka ofisini kwao.

"Karibu kwenye mfumo wetu mpya, mpendwa Mbembeleze Mpaka Amalize Halafu Basi."