Chupa ya Pili

"Saa sita mchana maji ya tenki yatafaa kunywewa," Kulthumu aliwaahidi akina mama wa kijiji cha Kiegei.

Alikuwa amepiga hesabu ya Laplace, aliyoisoma chuoni, ya kujua sumu iliyomwagika tenkini itachukua muda gani kupungua. Maji safi yanaingia, yenye sumu yanatoka. Ila kwenye mstari wa kwanza kabisa sharti uandike ulianza na sumu kiasi gani. Aliandika chupa moja, kama alivyoambiwa.

Saa sita ilipogonga, mama yake alikinga kikombe cha kwanza. "Mimi namwamini mwanangu."

"Mama Kulthumu, una roho ngumu," jirani alisema. "Chupa mbili nzima za dawa ya mikorosho zilimwagika humo!"

Kulthumu akageuka. "Mbili?"

Mama yake alikuwa anafuta maji kidevuni, kikombe kitupu mkononi, huku akitabasamu.